Anayekoroga sabuni aambiwe anachokoroga

Kila baada ya miezi kadhaa anatokea mtaalamu redioni na kutuambia kwamba povu la sabuni ni danganya toto. Sabuni bora, anasema, haina haja ya povu. Limewekwa kumfurahisha mnunuzi tu. Mara nyingi msemaji huyo ni mwanamume, na ukimsikiliza kwa makini unaanza kushuku kwamba mara ya mwisho kusugua sufuria la pilau alikuwa bado bwenini.

Mimi nimefundisha kemia sekondari mpaka nikastaafu, na tangu nistaafu nashinda na vikundi vya akina mama hapa Tanga tukikoroga sabuni ya maji. Povu nalitetea. Linauza, hilo sikatai, na anayetaka kufilisika haraka ajaribu kupeleka Ngamiani sabuni isiyotoa povu. Lakini mimi nalitetea kwa sababu ni kipimo. Mafuta ya chakula yanapoingia kwenye maji ya sabuni, povu hushuka. Yakizidi, linakatika kabisa. Viwandani wanalijua hilo fika. Mojawapo ya vipimo vya siku nyingi vya sabuni ya vyombo ni kuosha sahani zilizopakwa mafuta, moja baada ya nyingine, na kuhesabu zimefika ngapi povu linapokufa. Mwanamke aliyechuchumaa mbele ya karai hana maabara. Povu likikatika anajua maji yamechoka: aongeze sabuni, au amwage achote mengine.

Ninalotaka kulizungumzia ni kile kinacholishikilia povu lisikatike. Kila mkorogaji anakimimina kwenye ndoo, na wachache sana wamewahi kuambiwa ni nini. Madukani kinaitwa CDE, basi.

Anayejua kukoroga ataniwia radhi nikimweleza asiyejua. Unaanza na salfoniki, asidi nzito ya kahawia iliyokoza, inayotoboa nguo ukiichezea. Unaiua ukali kwa soda ash uliyoiloweka tangu jana. Unatia slesi, ule ute mweupe ambao wenzetu wa Kenya wanauita ungeroli. Unatia chumvi ili sabuni ishike uzito, glisarini ili mikono isikauke, halafu rangi na manukato. Kabla hujafika kwenye manukato unamimina CDE, majimaji ya rangi ya dhahabu, yenye kunata vidoleni, harufu yake hafifu. Kiasi chake ni kidogo ukilinganisha na vingine. Lakini kikosekane siku moja uone: povu linapanda kwa kishindo, kisha linazama kabla hujamaliza vikombe.

CDE ni mafuta ya nazi yaliyounganishwa na kemikali ya jamii ya amini iitwayo dayethanolamini. Pale vilipoungana panakuwa na kiungo ambacho wanakemia wanakiita amaidi: atomu ya kaboni iliyobeba oksijeni upande mmoja na kushikana na naitrojeni upande wa pili. Kiungo cha jamii hiyo si kigeni kwetu. Protini zote zimeungwa nacho, tangu ute wa yai mpaka misuli ya mkono unaoshika mwiko. Ute wa yai ukiupiga unatoa povu linalosimama, nalo linasimama kwa sababu protini zake zimejitandaza kwenye kuta za mapovu na kushikana.

Sifa ya amaidi ninayoipenda ni utulivu wake. Naitrojeni ikiwa kwenye amini ya kawaida ina tabia ya besi, haraka kugombana na asidi. Ikishaingia kwenye amaidi tabia hiyo inakwisha, kwa kuwa elektroni zake zinavutwa kuelekea oksijeni ya jirani. Kichwa cha molekuli kinabaki hakina chaji, lakini bado kinapenda maji. Mkia wake wa nazi hauyapendi hata kidogo. Molekuli ya namna hii haina raha katikati ya maji. Inapanda mpaka usoni na kukaa hapo, kichwa majini, mkia hewani.

Salfoniki iliyokwisha kuuawa ukali nayo inafanya hivyohivyo, ila vichwa vyake vyote vina chaji hasi, na chaji za aina moja husukumana. Ni kama watu walionuniana kukalishwa benchi moja: kila mmoja anajivuta kwake, benchi linabaki na mapengo. Amaidi ni yule mtu wa tatu asiye na ugomvi na yeyote; akiketi kati, wote wanasogeleana. Utando unajaa na kuwa mgumu kidogo. Maji yaliyobanwa kati ya kuta mbili za povu yanachelewa kuchuruzika, na povu linaendelea kuishi.

Sisi wa pwani tuna sababu ya ziada ya kuishukuru. Visima vyetu vingi vimechimbwa kwenye mawe ya matumbawe, na maji yake yamejaa chokaa. Kalsiamu ya maji hayo inaing'ang'ania salfoniki kwa sababu ya ile chaji yake na kuiondoa kazini. Amaidi haina chaji ya kushikwa.

Haya yote yanaonekana kwa macho, wala hayahitaji vifaa vya bei. Chukua waya wa hanga, ukunje duara la upana wa mdomo wa kikombe, uchovye kwenye sabuni iliyozimuliwa kwa maji, kisha ulisimamishe wima mbele ya mwanga wa dirisha. Utaona mikanda ya rangi: waridi, kijani, waridi tena, ikiteremka taratibu kwa sababu utando unazidi kuwa mwembamba juu na mnene chini. Sabuni isiyo na CDE, mikanda hiyo inakimbia, na duara linapasuka kabla hujamwita mwenzako aje kuona. Yenye CDE, mikanda inashuka kwa uvivu. Ukiwa na subira, juu kabisa patatokea doa jeusi lenye ukingo mkali, na wageni huwa wanadhani pametoboka. Hapajatoboka. Hapo utando umebaki wa nanomita chini ya 30 hivi, nanomita ikiwa ni sehemu moja ya milioni ya milimita, na kwa wembamba huo mwanga unaorudi kutoka uso wa mbele na ule wa nyuma unafutana. Isaac Newton aliyaeleza madoa hayo meusi katika kitabu chake cha mwaka 1704 kuhusu mwanga, naye pia alikuwa akichezea mapovu ya sabuni.

Akina mama wa vikundi hawana habari sana na Newton. Wanayempenda ni Agnes Pockels, na mimi simwachi nje ya somo hata siku moja.

Kabla yake, mwaka 1774, Benjamin Franklin alichapisha habari ya kijiko kidogo cha mafuta alichomimina kwenye dimbwi la Clapham, London, na jinsi vijiwimbi vilivyotulia kwenye eneo la karibu nusu ekari. Ukikitandaza kijiko hicho kwenye eneo hilo unapata unene wa nanomita moja au mbili, urefu wa molekuli moja ya mafuta. Franklin hesabu hiyo hakuipiga. Alikuwa mtu mwenye shughuli nyingi.

Pockels alizaliwa mwaka 1862 na kukulia Braunschweig, Ujerumani. Alitamani kusoma fizikia, lakini vyuo vikuu vya nchi yake wakati ule havikupokea wanawake, na nyumbani kulikuwa na wazazi wa kuuguzwa. Mdogo wake wa kiume, Friedrich, alikwenda chuo akawa mwanafizikia, naye akawa anampelekea dada yake vitabu. Dada akabaki na jikoni. Akiwa binti wa miaka ishirini hivi alianza kuangalia maji machafu ya vyombo yanavyofanya, mafuta yanavyojitandaza na kujikunja usoni pake, na badala ya kuyamwaga akaanza kuyapima. Alichukua chombo kirefu cha bati, akakijaza maji mpaka ukingoni, akalaza juu yake kipande cha bati cha kusogeza huku na huku. Akikisogeza, eneo la uso wa maji linapungua na utando wa mafuta unabanwa. Kisha kwa mizani ndogo na kitufe kinachogusa maji alipima nguvu inayotakiwa kukinyanyua kitufe hicho. Kwa vyombo hivyo aliweza kusema ni wakati gani utando umejaa, yaani molekuli zimebanana bega kwa bega, na ni wakati gani bado zinaogelea zitakavyo.

Mwaka 1891 alimwandikia barua Lord Rayleigh wa Uingereza, mwanafizikia aliyekuwa akihangaika na jambo hilohilo. Barua ilikuwa ya Kijerumani; mke wa Rayleigh akaitafsiri, na Rayleigh, kwa uungwana ambao si kila profesa anao, akaipeleka kwa jarida la Nature ichapwe kwa jina la mwenyewe. Ilitoka Machi mwaka huohuo. Mmarekani Irving Langmuir alipokuja kuandika kazi yake kubwa ya mwaka 1917, chombo alichotumia kilikuwa kimeboreshwa kutoka kile cha bati cha Braunschweig. Langmuir alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1932. Pockels mwaka huohuo alipewa shahada ya heshima na chuo cha mjini kwake, akiwa na miaka 70.

"Na walimlipa?" aliuliza bi mkubwa mmoja nilipofika hapo, bila kuacha kukoroga.

Nikamwambia alipewa shahada.

"Ya kuning'iniza ukutani," akasema, na wenzake wakacheka. Nikaendelea na somo.

Chombo cha Pockels hakijafa. Maabara nyingi duniani bado zinabana utando juu ya maji kwa ukingo unaosogea, ingawa siku hizi ukingo huo unaendeshwa na kompyuta. Mwaka 1991 ikaongezeka hadubini ya pekee inayoangaza maji kwa pembe ya nyuzi 53 hivi. Kwa pembe hiyo, mwanga uliochujwa kwa namna fulani hauakisiwi kabisa na maji matupu. Kamera inaona giza. Ukiwepo utando, hata wa molekuli moja tu, unang'aa gizani. Dieter Vollhardt na wenzake huko Ujerumani waliiangalia kwa hadubini hiyo jamii ya molekuli zenye amaidi, wakaona molekuli zikijikusanya kwenye visiwa vyenye matawi, vikikua na kugusana kadiri utando unavyobanwa. Walipobadilisha kidogo tu muundo wa kichwa cha molekuli, umbo la visiwa nalo likabadilika. Sababu ni kwamba amaidi yenye haidrojeni kwenye naitrojeni yake inaweza kushikana na jirani: oksijeni ya huyu na haidrojeni ya yule.

Wakorogaji wenye uzoefu wameligusa jambo hili kwa mikono bila kuambiwa. CDE ina ndugu yake aitwaye CME, aliyetengenezwa kwa mafuta yaleyale ya nazi ila kwa amini ndogo zaidi. CME naitrojeni yake bado ina haidrojeni, kwa hiyo molekuli zake zinashikana. Inauzwa ikiwa vipande vigumu vya nta, na lazima uiyeyushe kwa moto. CDE imeipoteza haidrojeni hiyo, ikabaki majimaji ya kumimina. Ndiyo maana inapendwa na mtu mwenye ndoo na mwiko.

Kama kuna danganya toto kwenye sabuni ya maji, watu watafute kwenye uzito. Mnunuzi anainamisha chupa, anaangalia sabuni inavyotambaa, anasema hii kali. Ukali hauko hapo. Ndani ya sabuni, molekuli zinajikusanya mafundo mafundo. CDE na chumvi vikiingia, mafundo yanarefuka kuwa nyuzi, nyuzi zinasokotana, na sabuni inagoma kutiririka. Unaweza kuwa na sabuni nzito yenye salfoniki ya kuhurumiwa. Na kila mkorogaji anajua kinachotokea ukipitiliza chumvi: sabuni iliyokuwa nzito inageuka maji mbele ya macho yako, wala hairudi kwa kuisema. Muuzaji anayejisifia uzito anajisifia chumvi ya mezani.

Sasa nije kwenye kero yangu.

CDE si kitu kimoja. Njia ya kwanza ya kuitengeneza, ambayo Wolf Kritchevsky aliipatia hataza Marekani mwaka 1937, inatumia molekuli mbili za dayethanolamini kwa kila molekuli moja ya asidi ya mafuta. Inayeyuka vizuri majini, inatengenezwa kwa urahisi. Lakini amaidi yenyewe humo ni kama theluthi mbili tu, na katika kinachobaki kuna dayethanolamini nyingi ambayo haikupata wa kuungana naye. Ikaja baadaye njia ya moja kwa moja, molekuli kwa molekuli, inayotoa amaidi ya asilimia 90 hivi na kubakiza amini huru kidogo. Zote mbili ni za rangi ya dhahabu, zote zinanata. Kwenye chupa zote ni CDE.

Tofauti hiyo ina maana kwa ngozi ya mtu. Mwaka 2001 mpango wa taifa wa Marekani wa kuchunguza sumu ulitoa matokeo ya uchunguzi wa miaka miwili, ambapo panya wadogo walipakwa CDE kwenye ngozi. Walipata uvimbe wa saratani kwenye ini, na madume kwenye figo pia. CDE iliyotumika ilikuwa na dayethanolamini huru karibu asilimia 18, na watafiti wakayahusisha matokeo na hiyo amini huru. Baadaye Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani likaiweka CDE kwenye kundi la 2B, yaani vitu ambavyo huenda vikasababisha saratani kwa binadamu. Mwaka 2012 jimbo la California likaiingiza kwenye orodha yake ya kemikali za kutolewa onyo, na kampuni nyingi za shampuu zikaanza kuikimbia.

Naomba nieleweke hapa, maana najua ujumbe wa WhatsApp unavyozaliwa. Kundi la 2B lina mambo mengi, likiwemo dondoo la jani zima la shubiri, ule mshubiri uliopandwa kwenye makopo barazani kwetu. Ushahidi wenyewe ni wa panya. Sahani iliyooshwa kwa sabuni yenye CDE kidogo na kusuuzwa hainikoseshi usingizi. Ninayemhofia ni mkorogaji. Yeye ndiye anayeingiza mkono kwenye pipa mpaka kiwiko kukwangua kilichoganda chini, anayeshika CDE tupu haijachanganywa na kitu, wiki baada ya wiki, na mara nyingi mtoto yuko mgongoni.

Na kuna jambo la pili, ambalo sijawahi kulisikia kwenye semina yoyote ya ujasiriamali. Dayethanolamini huru ikikutana na naitraiti inaweza kutoa nitrosamini, jamii ya kemikali ambazo kwa wanyama wa maabara ni visababishi vya saratani vinavyojulikana vizuri. Naitraiti haiko mbali: imo kwenye baadhi ya dawa za kuzuia kutu za mapipa ya chuma, na vipo vihifadhi vya sabuni ambavyo vikivunjika vinaitoa. Formalini, ambayo watu wanaimimina kwenye sabuni isioze kana kwamba ni maji ya kunywa, inaharakisha mchakato huo, mbali na ubaya wake yenyewe. Umoja wa Ulaya haukuipiga marufuku CDE kwenye vipodozi. Uliweka mipaka: amini ya aina hiyo isizidi asilimia 5 kwenye malighafi na asilimia 0.5 kwenye bidhaa, nitrosamini isizidi mikrogramu 50 kwa kilo, na chombo cha kuhifadhia kisiwe na naitraiti. Mipaka hiyo naiona ya busara. Lakini kuifuata kunahitaji kitu kimoja kwanza, nacho ni kujua kilichomo kwenye chupa.

Nilikwenda Kariakoo kununua mzigo wa kikundi. Duka silitaji, kwa sababu yako mengi ya namna hiyo na wenyewe si watu wabaya. Kijana alitupokea vizuri.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. CDE mnayo?"

Anayo. Pipa la bluu la lita 200 lilikuwa limelazwa kwenye kona, lebo yake imeelekea ukutani. Kijana akafungua bomba, akajaza chupa tatu za maji ya kunywa, zile za lita moja na nusu, ambazo bado zilikuwa na karatasi zake za maji ya chemchemi. Akachukua kalamu ya wino mzito akaandika CDE kwenye vizibo. Nikamuuliza kama hii ni ile ya moja kwa moja au ya moja kwa mbili.

"Mama, hii ni CDE orijino. Inatoa povu na inashika uzito."

Nikamwomba aligeuze pipa nisome. Akamtazama mwenye duka, mwenye duka akatazama foleni nyuma yangu, na mimi nikaelewa nimeshakuwa mteja msumbufu. Nililipia, nikatoka na chupa zangu tatu. Njia nzima kwenye basi nilizishikilia miguuni nisije nikasahau moja, abiria mwenye kiu akaiokota.

Nchi hii haina upungufu wa sheria. Tuna Sheria ya Usimamizi na Udhibiti wa Kemikali za Viwandani na Majumbani ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Tuna Shirika la Viwango, TBS, ambalo tangu mwaka 2019 limekabidhiwa vipodozi pia. Mkorogaji wa Tanga akipeleka sabuni yake supamaketi anaulizwa nembo ya ubora, anaulizwa lebo, anaulizwa tarehe, na ni haki aulizwe. Ila lebo hiyo anaiandika kutokana na chupa iliyokuja na herufi tatu kwenye kizibo. Tunamdai mwanamke mwenye ndoo ukweli ambao aliyemuuzia malighafi hakumpa. Ukaguzi uanzie pale pipa linapofunguliwa kuingia kwenye chupa ndogo, kwa sababu hapo ndipo taarifa zinapokatika.

Wapo watakaosema dawa yake ni kuiacha CDE na kuhamia kwenye betaini, kama walivyofanya wenye shampuu. Betaini ni nzuri, na sabuni yetu ya mikono tunaiwekea hiyo. Nayo ina amaidi katikati ya mkia na kichwa, na inatokana na nazi vilevile. Lakini ni ghali zaidi, na nayo ikitengenezwa ovyo inabaki na masalia yanayowasha ngozi za watu. Mwaka 2004 chama cha madaktari wa ngozi wa Marekani wanaoshughulikia mzio kiliitangaza kuwa kisababishi cha mzio cha mwaka. Chupa isiyo na maelezo ikijazwa betaini inatuletea tatizo lilelile.

Nazi yenyewe, kwa ajabu, haitoki kwetu. Mafuta ya nazi yanayouzwa duniani yanatoka zaidi Ufilipino na Indonesia, huku minazi ya pwani hii ikifa kwa ugonjwa ambao wakulima wameupigia kelele tangu mimi ni mwanafunzi. Na Kigoma kuna mise, kokwa za mchikichi. Mafuta ya mise yana asidi ya lauriki karibu nusu yake, sawa na nazi, na ni asidi hiyo hasa inayotoa mkia unaofaa kwa povu. Tunayapika kuwa sabuni ya mche, ambayo ni nzuri, na amaidi tunaagiza nje. Sisemi kila kikundi kijenge kiwanda cha amaidi uani; dayethanolamini si kitu cha kuchezea. Ila SIDO, shirika letu la viwanda vidogo, wamefundisha watu kukoroga kwa miaka mingi, na sijaona kwa nini somo liishie kwenye ndoo.

Kwa sasa kikundi chetu kinavaa glavu ndefu. Formalini tumeiondoa. CDE inapimwa kwa kikombe chenye mpini na mkono wa mtu hauigusi, na kipande cha kukwangulia pipa kimefungwa kwenye fimbo.

Kwa wauzaji, ombi langu ni karatasi ya ukubwa wa kiganja, ibandikwe kwenye kila chupa inayojazwa kutoka kwenye pipa. Iandikwe: jina kamili la kemikali, imetengenezwa kwa uwiano wa moja kwa moja au moja kwa mbili, amini huru asilimia ngapi, kiwanda na nchi ilikotoka, namba ya toleo, tarehe ya kumiminwa, vaa glavu, usiweke karibu na watoto. Na karatasi ya maji ya chemchemi ibanduliwe kwanza. Mwenye duka akisema taarifa hizo hana, amuulize aliyemuuzia, na huyo amuulize aliyeagiza. Pipa la lita 200 halitoki bandarini bila makaratasi.